Mguu Uliosubirishwa

Binti yangu ana miguu miwili, na kila mmoja una jina lake. Wa kulia ni Kaka Mkubwa, wa kushoto ni Mdogo. Majina hayo aliyatoa mwenyewe akiwa bado anaogeshwa kwenye beseni, na nyumba nzima ikayazoea. Kaka Mkubwa kajigonga mezani. Mdogo anawashwa, kaumwa na mbu. Mgeni akija kwetu hubaki akitazama milango ya vyumba, akidhani kuna watoto wengine tumewafungia.

Aliyezidisha mambo ni baba yake. Mume wangu ni kinyozi, na utani kwake ni kama wembe, hatoki bila kuwa nao. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huinama mbele ya ule mguu wa kulia, akavua kofia na kusema, "Shikamoo, Kaka Mkubwa." Mtoto hujibu kwa sauti nzito ya mzee aliyekula chumvi nyingi: "Marahaba." Kisha wote wawili hunigeukia mimi, wakingoja zamu yangu.

"Mimi sisalimii miguu," nilikuwa nikisema. "Kunyweni chai, inapoa."

Ndivyo nilivyo. Sikuumbwa na mkono wa kubembeleza. Nampenda mwanangu kuliko macho yangu, lakini kupenda ni kitu kimoja na kuchekea kitu kinachokuumiza roho ni kingine. Ule mguu ulikuwa ukiniumiza roho.

Ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na mnene pia, kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Haukuvimba, haukuvunjika, haukuwa na usaha wala maji. Ulikua tu, na ukazidi kukua. Tulipokuwa tukimpeleka kupimwa tumbo na figo, kwa sababu watoto wa namna hii huangaliwa sana wasije wakaota uvimbe mbaya ndani, nilikuwa nikishusha pumzi kila tulipoambiwa pako safi, halafu nikitazama mguu nakasirika upya. Ugonjwa ninaufahamu. Ugonjwa unapunguza mtu. Huu ulikuwa unaongeza.

"Mguu huu ni mzima," alituambia daktari wa mifupa siku ya kwanza. Alikuwa bonge la mtu, mabega yamejaa mlango, lakini sauti yake ndogo mpaka unamsogelea ili umsikie. "Ngozi nzima, misuli mizima, mfupa mzima. Tatizo lake ni kwamba uzima umepitiliza. Mahali fulani, kabla hata hajazaliwa, chembe za upande huu ziliambiwa zikue, na hazikuambiwa vizuri zikue mpaka wapi."

Alisema hivyo huku ameushika mguu kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ashike. Nikamwona ameustaajabia. Nikamchukia kidogo.

Kwa fundi viatu wa pale kona tulikuwa wateja wa kudumu. Kazi yake ilikuwa kuongeza soli ya kiatu cha Mdogo ili amfikie mwenzake. Alikata mpira wa tairi, akapaka gundi, akagonga kwa nyundo, na kila tuliporudi alikuta bado haitoshi. Kile kiatu kilikuwa na matabaka kama chapati zilizopangwa kwenye sahani.

"Mama, nikiongeza tena hapa," alisema siku moja akikipima kwa jicho, "huyu atahitaji ngazi ya kuvalia viatu."

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona anavyoshika kiuno akipanda ngazi za shule. Nyonga ilianza kumuuma, na mgongo wake, ukimtazama kwa nyuma akiwa amevua nguo, ulikuwa umeanza kupinda. Daktari alisema hapakuwa na wakati wa kupoteza tena. Ndani ya mifupa ya mtoto, juu na chini ya goti, kuna mstari laini ambao ndio unaozaa mfupa mpya. Mstari huo ukiwa hai, unaweza kuzuiwa kwa vipande vidogo vya chuma na skrubu, mguu mrefu ukatulia, mfupi ukaufikia. Lakini mtoto akishamaliza kukua, mstari unajifunga wenyewe, na hapo kinachobaki ni msumeno wa kukata mfupa.

Binti yangu alikubali bila shida. Aliuliza tu kama atakuwa amelala, akaambiwa atalala, akauliza kama atakula kabla, akaambiwa hatakula, na hilo ndilo lililomsikitisha. Tulipangiwa siku.

Sasa nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Mimi hukuza fuwele. Watu wakisikia hivyo hufikiri nafuga kitu. Nafanya kazi kwenye maabara ya vifaa vya elektroniki, chumba cheupe chenye tanuri linalonguruma mchana kutwa, na mimi huvaa kofia, barakoa na koti jeupe kama mwokaji mikate. Nachukua kisahani chembamba, mduara unaoenea kiganjani, nakiingiza ndani ya tanuri, napitisha hewa maalumu juu yake, na chembe ndogo zisizoonekana zinaanza kushuka na kujipanga zenyewe, mstari kwa mstari, hadi fuwele inakua. Hakuna anayezipanga. Zinajua zenyewe pa kukaa. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana wa chuo na jambo hilo bado linanisisimua, ingawa huwa sisemi.

Juu ya kisahani huwa tunatandaza utando mwembamba sana wenye nafasi nyembamba, zimekaa kama mianya ya dirisha la mbao. Fuwele huota kupitia mianya tu. Sisi tulitaka ikue mpaka ilingane na ukingo wa utando, basi, hapo nizime. Nikichelewa, inatokeza, inafurika pande zote mbili juu ya utando kama uji uliochemkia kwenye jiko, hadi ile ya mwanya huu inagusana na ile ya mwanya wa jirani. Kisahani cha namna hiyo kwetu hakikuwa na kazi. Kando ya meza yangu kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, na ndimo vilimoishia vyote vilivyofurika.

Wiki ile kabla ya upasuaji shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda naye kazini. Alikaa kwenye kiti kirefu, Kaka Mkubwa akigusa chini, Mdogo akining'inia, akanitazama nikifungua tanuri. Nilikuwa nimechelewa kuzima. Nikanyanyua kile kisahani kwenye mwanga, nikaona ukungu wake, nikasonya.

"Kimefanyaje?" akauliza.

"Kimezidi."

"Kikizidi unakifanyaje?"

"Nakitupa," nikasema, na papo hapo nikakitosa koponi, kikalia tii.

Hayo tu. Sikuwaza kitu. Niligeuka kusafisha tanuri na kichwa changu kikawa kwenye kisahani kingine. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno, nami nikadhani ana njaa.

Siku ya kulazwa, wauguzi walimvisha gauni la hospitali, wakamchora alama kwenye goti kwa kalamu ya bluu, na kitanda cha magurudumu kikaja. Binti yangu akashika nguzo ya kitanda alichokalia kwa mikono yote miwili na kusema, "Siwaruhusu."

"Huwaruhusu kina nani?" akauliza daktari, akichuchumaa ili macho yao yalingane.

"Nyie. Kaka Mkubwa hajafanya kitu."

Nilibembeleza, kwa mkono wangu ule ule usiojua kubembeleza. Nikafoka. Baba yake akajaribu utani, ukagoma. Mtoto hakupiga kelele, alishika tu ile nguzo, machozi yakimwagika mpaka kwenye ile alama ya bluu. Mwishowe daktari akasimama.

"Mrudisheni nyumbani," akasema kwa kile kisauti chake. "Mtoto anayeogopa naweza kumlaza, wote huogopa. Huyu haogopi, huyu anakataa. Chuma nitakachoweka ataishi nacho, mguu wenyewe ni wake. Zungumzeni. Ila msikawie, mama. Ule mstari hautusubiri sisi."

Nyumbani nilichemka. Nilimuuliza anataka atembee kwa fimbo, anataka mgongo ukunjike, anataka aje akatwe mfupa kwa msumeno akiwa mwari? Baba yake alinivuta mkono ninyamaze. Mtoto akainua uso.

"Wewe si unatupa vinavyozidi?" akasema. "Nimekuona. Hata hukukiangalia."

Nilikaa pale pale sakafuni. Kumbe siku zote hizo alikuwa akimwona Kaka Mkubwa ndani ya lile kopo. Na kibaya zaidi, alikuwa amesema kweli: sikukiangalia. Vyote vilivyokuwa mle nilivitupa kwa kuutazama ukungu wake tu.

"Kesho tunakwenda kukiangalia," nikamwambia.

Mkuu wa maabara, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alitukuta tumemwaga kopo mezani. Alivuta kiti akakaa kutazama. Binti yangu akachagua kisahani mwenyewe. Nadhani kilikuwa kile kile, ingawa vyote vinafanana.

Kuna namna yetu ya kuzitafuta kasoro ndani ya fuwele. Kwa macho fuwele zote huonekana nzuri. Unakichovya kisahani kwenye asidi kwa muda mfupi, unakisuuza, unakikausha. Asidi hula haraka pale ambapo chembe zilikosea kujipanga, kwa hiyo kila penye kasoro hutoboka kishimo kidogo. Ukiweka chini ya hadubini unaviona. Nilifanya hivyo huku nimemweka binti yangu mbali, nimemvisha miwani mikubwa ya kukinga macho, akawa kama bundi. Kisha nikaweka kisahani kwenye hadubini, nikainama kwanza mimi ili nirekebishe.

Niliporekebisha, nikasahau kunyanyuka.

Pale katikati, juu ya mwanya ambamo fuwele ilikuwa imechomoza, vishimo vilijaa kama uwanja wa vumbi ulionyeshewa manyunyu. Hivyo nilivitarajia, ndivyo fuwele zetu zote zilivyokuwa. Lakini nikasogeza kidogo kando, pale ilipofurika, pale ilipotoka nje ya mpaka wake na kulala juu ya utando. Hapakuwa na kishimo hata kimoja. Nikasogeza tena. Kweupe. Nikasogeza upande wa pili, kweupe vile vile, laini kama maji ya ndoo iliyotulia. Kwa miaka yote niliyokuza fuwele sikuwahi kuona uso safi namna ile ukitoka kwenye tanuri langu.

"Mama, nione."

Nikampisha. Akaweka jicho, nikamsogezea kisahani kando.

"Huku pamechafuka," akasema polepole. "Huku hapana kitu. Huku ndiko kulikozidi?"

"Ndiko."

"Kwa nini kuko safi?"

Ilinibidi nifikiri kabla sijajibu. Kasoro hutoka chini, kwenye kisahani chenyewe, nazo hupanda wima kupitia mwanya. Kile kinachotambaa kwenda pembeni kina utando chini yake, na kasoro haziwezi kuupenya. Kwa hiyo kinachovuka mpaka huacha matatizo ya kilikozaliwa pale pale kilipozaliwa. Nilipokuwa nikieleza, mkuu akaanza kucheka.

"Leo ndiyo umegundua?" akasema. "Wenzetu huziachia zifurike makusudi, tena siku nyingi tu. Makala zote zile nilizokuwekea mezani ulikuwa unafungia maandazi?"

Nilizifungia maandazi kweli. Sisi tulitaka zilizolingana, na mimi nikishajua ninachotaka huwa sitazami kando.

Binti yangu alikuwa bado ameinama kwenye hadubini, anazungusha kitufe kama nilivyomwonyesha. "Kwa hiyo kilichozidi ndicho kizuri," akasema. Nikajua anakokwenda.

Ningeweza kumkatalia, lakini ningekuwa muongo, na angeniona. Ningeweza kumkubalia, nikawa nimempoteza. Nikachagua maneno kama mtu anayetoa mwiba.

"Ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukuza. Lakini fuwele haina nyonga, mwanangu. Haipandi ngazi. Ikizidi upande mmoja hakuna mgongo unaopinda."

Alizungusha tena kitufe. Akasita.

"Na hapa je? Hapa pana mstari wa vishimo."

Nikaangalia. Palikuwa katikati ya mianya miwili, pale fuwele ya upande huu ilipokutana na ya upande ule. Kila moja ilikuja safi, lakini zilipogusana hazikulingana, na kwenye mshono vishimo vilipangana kama punje za shanga.

"Hapo zimekutana mbili," nikamwambia. "Kila moja ilikuja kwa mwendo wake."

Akatafakari, midomo imebinuka kama ya baba yake akinyoa sharubu. "Hawakusubiriana," akasema.

"Hawakusubiriana."

Akavua ile miwani ya bundi. Alitoa masharti yake pale pale mbele ya mkuu, kidole kimeinuliwa. Kaka Mkubwa asikatwe kitu. Asitupwe kitu chake. Vyuma vikitolewa apewe yeye. Na daktari amwambie mwenyewe, mdomoni, kwamba anamsubirisha, hamuui.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama askari anayepokea amri. Kisha akamwonyesha kwa vidole vyake vinene: chuma hiki kinakaa kando, skrubu moja juu ya mstari, nyingine chini yake, na mstari wenyewe hakuna anayeugusa. Unabanwa tu, kama abiria kwenye kiti kilichojaa, mpaka unatulia.

"Na mkishamtoa vyuma, ataamka?"

"Wengi huamka."

"Kaka Mkubwa?"

Daktari akamtazama yeye, hakunitazama mimi. "Sijui," akasema. "Asipoamka, Mdogo atampita, na tutakuwa na shida upande wa pili. Nitakuwa namwangalia. Hilo naahidi."

Nilikuwa nimeshakunja uso, nataka kumkatiza, daktari gani anamwambia mtoto sijui. Lakini binti yangu alitikisa kichwa kukubali, akapanda mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani baba yake alivua kofia, akainama. "Shikamoo, Kaka Mkubwa." Mtoto akaweka kidole mdomoni.

"Usimsumbue. Kalala."

Basi salamu zikakoma. Sikujua zilikuwa zinajaza nyumba kiasi gani hadi zilipokoma. Mume wangu alikuwa akipita pale kimyakimya na kofia yake mkononi, na mimi, niliyekuwa nikizikemea, nikawa natega sikio.

Nikaanza kuona maajabu yasiyo na kelele. Mguu mmoja umesimama, mwingine unatembea, ndani ya mtoto mmoja anayekula wali ule ule na kulala kitanda kile kile. Hakuna aliyemwambia Mdogo kaza mwendo. Alikuwa anakuja tu. Kila tulipokwenda kwa fundi viatu, fundi alichomeka kisu chini ya soli na kubandua tabaka moja, krrr, akalitupa kwenye sanduku. "Naharibu kazi yangu mwenyewe," alilalamika, lakini siku alipobandua la mwisho aliinua kile kiatu, akakilinganisha na mwenzake kwenye benchi, akakaa anavitazama huku nyundo imelala mapajani.

Daktari alimwacha Mdogo apite kidogo, makusudi, ili Kaka Mkubwa akiamka awe na nafasi. Kisha akavitoa vyuma. Upasuaji ambao tuliambiwa ni mfupi ulichukua muda mrefu, na mimi kwenye benchi la nje nikauma kucha hadi nikaonja damu. Alipotoka alikuwa na kichupa mkononi.

"Nisameheni kuwaweka," akasema. "Sikuviona. Mfupa ulikuwa umevipanda, umevifunika mpaka kwenye vichwa vya skrubu. Ilibidi niuombe njia polepole."

Ndani ya kichupa kulikuwa na vipande vya chuma, na kimoja kilikuwa na ganda jeupe ukingoni, limekikumbatia. Tulikipeleka maabara, kama alivyodai mwenye mali. Chini ya hadubini tuliona mfupa ulivyotoka pembeni ya chuma, ukapanda ukingo, ukatambaa juu yake, laini, bila haraka. Nilikuwa nimeona umbo lile lile kwenye kisahani kilichotoka koponi. Tanuri na mtoto wangu walikuwa wakifanya kitu kimoja.

"Alikuwa amelala," nikasema, "na bado alikuwa anafanya hivi?"

"Pembeni tu," akajibu binti yangu. "Kwenye mstari kanyamaza."

Na Kaka Mkubwa alizidi kunyamaza. Tulirudi kupimwa, hakuna. Tukarudi tena, hakuna, na sasa Mdogo alikuwa anaendelea mbele. Nyonga ya upande wa pili ikaanza kumuuma binti yangu. Siku niliyompeleka kwa fundi viatu na kumwomba aweke tabaka jembamba kwenye kiatu cha kulia, cha Kaka Mkubwa, fundi alikigeuza mara mbili akidhani nimekosea kumpa. Binti yangu alikuwa amegeukia barabarani. Nilikuwa nimemshawishi mimi, kwa hadubini yangu na maneno yangu ya kuchagua. Kama mguu ule umekufa, nimeuua mimi, na sikuwa na pa kuuweka ule uchungu.

"Utanichukia?" nilimuuliza tulipokuwa tunarudi. Yalinitoka tu.

"Kwa nini?" akasema. "Hajaamka tu. Hajafa."

Ziara iliyofuata tulikwenda wote watatu. Daktari alibandika picha ya eksirei kwenye taa ya ukutani, akasimama mbele yake na mwili wake wote, nasi hatukuona kitu. Alikaa hivyo. Nilitaka kumsukuma. Kisha akasogea, na nilipomwona uso niliona amefanana na siku ile ya kwanza, alipoushika mguu viganjani.

"Njoo wewe," akamwambia binti yangu. "Unauona huu mstari mweusi? Huu ndio unaozaa mfupa. Sasa ona hapa juu yake. Kuna uzi mweupe."

Ulikuwapo. Mwembamba kama unywele, umenyooka, umekatiza mfupa wa paja toka upande hadi upande.

"Mfupa ukisimama kukua huweka alama pale uliposimama," akasema. "Hapo ndipo alipokuwa wakati anasubiri. Zamani huo uzi na huo mstari vilikuwa vimegusana."

Binti yangu alinyoosha mkono. Kati ya uzi na mstari palikuwa na nafasi, na kidole chake kidogo cha mwisho kilienea humo.

"Na hii ya katikati?"

"Mfupa mpya. Wote huo. Na unaweza kuona anavyokwenda, sawa na mwenzake. Akianza mbio tena tutamsubirisha tena, anajua sasa."

Mume wangu alikuwa amevua kofia. Alifungua mdomo, na mimi nikamwekea mkono kifuani anyamaze. Zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeikataa kwa muda mrefu mno. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, na mkoba wangu begani, machozi yananitiririka mbele ya daktari na yeyote aliyetaka kutazama.

"Shikamoo, Kaka Mkubwa," nikasema.

Nikasikia taa ya ukutani inavyolia. Kisha juu ya kichwa changu ikaja sauti nzito, ya mzee aliyelala akashiba usingizi:

"Marahaba, mama. Umechelewa."